Eno, Yoshimura au KMRU? Sikiliza nyumba yako kwanza, ndipo uchague

Mpwa wangu alikuja kukaa kwangu Magomeni alipokuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha sita. Akaniomba muziki usio na maneno, wa kusomea. Nikamwekea Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza, kile kipande cha kwanza cha piano katika albamu yake Music for Airports, kwa sauti ya chini kama kinavyotaka. Zikapita dakika tatu, nne. Akainua uso kutoka kwenye daftari la kemia.

"Mjomba, umeshaanza au bado?"

"Umeanza zamani, mama."

Akanyamaza kwa adabu, akaendelea na kemia yake. Mimi nikasogea pale alipokaa, nikatega sikio, nikaona ana haki. Feni ya dari ilikuwa namba tano, fundi wa jirani anakata vyuma vya geti, na kwenye spika inatoka noti moja baada ya kimya kirefu, inazama kabla haijafika mezani. Albamu ile naipenda kuliko nyingi nilizonazo, lakini saa ile na nyumba ile havikuwa vya kwake.

Tangu hapo, mtu akiniuliza aanze na nani katika muziki wa ambienti, yaani huu muziki wa taratibu wenye mivumo mirefu, mara nyingi bila ngoma wala mwimbaji, simtajii jina kwanza. Namwambia azime kila kitu, akae dakika tano, asikilize chumba chake kina nini. Feni? Friji? Kunguru? Mashine ya kusaga? Mvua juu ya bati? Muziki huu hukaa na hivyo vitu chumba kimoja kama mpangaji mwenzao, na kuna wapangaji wasioelewana. Albamu inayomfaa mtu wa ghorofa ya nane Upanga inaweza isimfae kabisa wa Manzese.

Na wala hili si wazo langu la kubuni. Ndivyo mambo yalivyoanza kwa Eno mwenyewe. Januari 1975 aligongwa na gari London, akawa amelala kitandani hajiwezi. Rafiki yake Judy Nylon akaja kumjulia hali, akamletea sahani ya santuri ya kinubi cha karne ya 18. Eno anasimulia kwamba alipoiweka na kujilaza tena, aligundua sauti iko chini mno na spika moja imekufa. Nguvu za kuinuka tena hana. Ikabidi asikilize hivyo hivyo: kinubi kinasikika kwa mbali, kimechanganyika na mvua ya nje. Mwaka huohuo akatoa Discreet Music, na miaka michache baadaye ikaja Music for Airports, albamu iliyoupa muziki huu jina lake. Kwa hiyo mvua ya dirishani ilikuwemo tangu mwanzo.

Kwa kusoma na kufanya kazi: Eno au Yoshimura

Music for Airports ina vipande vinne tu, na havina majina, vina namba. Cha kwanza, 1/1, ni piano aliyopiga Robert Wyatt, zaidi ya dakika 17. Cha pili, 2/1, ndicho ninachotaka ukielewe kabla hujaamua, maana ukijua kilivyotengenezwa utajua pia kwa nini kinafaa mahali fulani na hakifai pengine.

Ni sauti za watu wakiimba noti moja moja, "aaa", kila noti kwenye kanda yake. Kanda zenyewe zimeungwa mwisho na mwanzo zikawa vitanzi virefu mno kuenea kwenye mashine, kiasi kwamba katika studio ya Conny Plank, Ujerumani, kimoja walikizungusha kwenye viti vya alumini vilivyopangwa chumbani. Noti moja inarudi kila baada ya sekunde 23 na nusu. Nyingine karibu sekunde 26. Ya tatu karibu 30. Kwa kuwa urefu haulingani, noti hazikutani mara mbili kwa namna ileile. Mara zitakuja tatu kwa pamoja kama kwaya, mara itakuja moja peke yake, mara kimya. Akili ikikosa cha kukariri huacha kuufuatilia muziki, ikarudi kwenye kazi yako. Hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Shida ni hicho kimya. Katikati ya noti na noti pana nafasi pana, na nafasi hiyo itajazwa na chochote kilichopo kwako. Kikiwa ni mvua, umebarikiwa. Kikiwa ni msumeno wa chuma, Eno hana silaha ya kupigana nao, wala hakukusudia kupigana. Mimi siku hizi namweka alfajiri tu, baada ya adhana na kabla bodaboda hazijaamka, saa kumi na moja hadi kumi na mbili hivi. Saa ile kila noti unaiona inavyofika na inavyoondoka.

Hiroshi Yoshimura wa Japani ni mtu mwingine kabisa, ingawa wengi huwaweka kapu moja. Music for Nine Post Cards ya 1982 ni vipande tisa vifupi vya kinanda cha umeme, alivyovitunga nyumbani akiangalia mawingu na miti dirishani. Akavipeleka kwenye jumba la sanaa la Hara, Tokyo, vikapigwa humo kwa ajili ya wageni. Wajapani wana jina lao kwa muziki wa aina hii, kankyō ongaku, yaani muziki wa mazingira. Miaka mingi albamu hiyo ilikuwa ya kutafuta kwa tochi nje ya Japani, mpaka ilipotolewa upya mwaka 2017. Yoshimura mwenyewe alikuwa amefariki tangu 2003.

Tofauti yake na Eno utaisikia ndani ya dakika moja. Yoshimura ana kijiwimbo. Ni kidogo, noti nne au tano, kinajirudia kwa upole, na kile kinanda kina mlio safi wa kengele ndogo unaopenya katikati ya feni bila kupandisha sauti. Feni inabaki chini inavuma, kengele inatembea juu yake. Vinapatana. Niliporudisha feni hadi namba mbili nikampigia mpwa wangu albamu hii, hakuuliza kama imeanza.

Albamu yake nyingine maarufu ni Green, ya 1986, na hapa nina onyo. Ilipouzwa Marekani iliongezewa sauti za maji na ndege. Toleo la awali la Japani halikuwa na ndege hao, na ndilo Yoshimura mwenyewe alilolipenda. Lilirudishwa sokoni mwaka 2020. Tafuta hilo. Kama unaishi ndani ghorofani Ulaya wakati wa baridi, ndege wa kanda huenda wakakufaa. Ukiwa Dar, kunguru wako wanatosha, na ndege wa kurekodiwa juu ya kunguru wa kweli ni fujo tupu.

Kwa hiyo kwenye kazi za mchana, kwenye nyumba zetu nyingi, nampa Yoshimura. Eno awe wa saa tulivu. Na kama una roho ya taarabu, mtafute Laraaji, Mmarekani ambaye Eno alimkuta akipiga ala ya nyuzi bustanini New York, akamtolea Day of Radiance mwaka 1980. Ala yake ni ya ukoo mmoja na kanuni ya Unguja, ile ala ya nyuzi ya taarabu, na mtu aliyekulia kwenye kanuni ataipokea haraka. Ila upande wa kwanza ni wa kasi, mikono miwili inatwanga nyuzi bila kupumzika. Hausomewi. Anza na upande wa pili.

Kwa kukaa na kusikiliza: KMRU

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, nikiri mapema.

KMRU ni Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi aliyezaliwa 1997 na kuhamia Berlin. Jina ni la babu yake, Joseph Kamaru, yule mwimbaji mkubwa wa Kikuyu ambaye nyimbo zake zilizichokoza serikali, aliyefariki 2018. Mjukuu ndiye anayezirudisha kazi za babu kwa wasikilizaji wa leo. Kazi zake mwenyewe zinaanzia kwenye kinasa sauti: anarekodi mtaa, watu, umeme, upepo, kisha anavinyoosha vitu hivyo mpaka vinakuwa mivumo usiyojua tena vilitoka wapi.

Watu wengi huanza na Peel ya 2020, nami nakubaliana nao, kwa sharti moja: usiisikilize kwenye spika ya simu. Nguvu yake iko chini, kwenye besi, na simu haina besi. Utasikia mchakacho tu useme huyu jamaa kasifiwa bure. Vaa hedifoni, hata za bei rahisi zinazoziba sikio. Ukiwa na sabufa pia inafaa, lakini punguza ile besi iliyozoea singeli, la sivyo vikombe kabatini vitaimba pamoja naye.

Nikwambie kilichonikuta. Usiku mmoja nilikuwa nasikiliza kipande cha mwisho, kinachobeba jina la albamu, cha zaidi ya dakika 20. Kwenye spika, sebuleni, taa imezimwa. Mvumo ulikuwa unapanda polepole sana, kama maji ya bamvua yanavyojaa, huoni yakisogea ila ukigeuka jiwe halipo. Kisha ghafla sehemu moja ya muziki ikatoka. Nikadhani ndivyo alivyotunga. Nikasubiri irudi, haikurudi. Kumbe friji langu lilikuwa limejizima lenyewe kama yanavyofanya. Kwa dakika kumi na zaidi nilikuwa nasikiliza KMRU pamoja na friji, na masikio yangu yalikuwa yamewaunganisha yakawafanya kitu kimoja. Lilipowaka tena nikalisubiri kwa hamu.

Hilo halikuwahi kunitokea na Eno wala Yoshimura. Eno anahitaji chumba kimpishe, Yoshimura anatembea juu ya chumba, KMRU anakimeza. Ndiyo maana kwa nyumba yenye mngurumo usiokoma, jenereta ya jirani, pampu ya maji, barabara kuu, Peel ndiyo chaguo langu bila kusita.

Natur ya 2024 ni ngumu zaidi, kipande kimoja cha zaidi ya dakika 50, na humo ametumia vinasa vinavyoshika mawimbi ya umeme ambayo sikio tupu haliyapati. Nairobi umeme unausikia: nyaya za juu, transfoma inayonguruma nguzoni. Berlin nyaya ziko ardhini, mji umetulia, na aliyetoka huku anausikia ule utulivu kama kitu kimepungua. Nimekutana na Watanzania wanaoishi Ulaya wanaosema jambo hilohilo kuhusu majira ya baridi. Lakini usianze na hii. Ianze baada ya Peel kukukaa.

Kama mivumo mirefu inakuchosha, basi chukua Logue ya 2021. Ni mkusanyiko wa vipande vya miaka yake ya mwanzo, 2017 hadi 2019, na kuna midundo midogo midogo na kinanda unachoweza kukifuata. Kimojawapo kinaitwa Jinja Encounters, jina la mji ule wa Uganda kwenye mto Nile. Mtu ambaye hajawahi kusikiliza muziki huu kabisa ataingilia mlango huu kwa urahisi.

Mlinganishe na Mkenya mwenzake, Nyokabi Kariũki, na peace places: kenyan memories ya 2022. Ni kazi fupi, aliyoitengeneza kutokana na kumbukumbu na rekodi za nyumbani. Kipande kimoja kinatembea kwenye shamba la cũcũ wake, yaani bibi kwa Kikuyu; kingine kinaitwa Galu, ufukwe ule wa Kwale. Humo mna watu, mna Kiswahili na lugha nyingine, mna mbira, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba. KMRU anaificha Nairobi ndani ya mvumo, Kariũki anaiacha iongee kwa sauti yake. Kwa sababu hiyohiyo haifai kusomea: ukisikia mtu anaongea lugha yako, utamsikiliza, utake usitake. Ila kama uko Muscat, London au Minneapolis na una miaka hujaonja embe la shambani, anza na hii kabla ya zote nilizotaja, na uisikilize ukiwa peke yako.

Wakati wa majonzi

Nitasema machache, maana kila mtu na msiba wake.

The Disintegration Loops ya William Basinski ilizaliwa kwa ajali. Kiangazi cha 2001 alikuwa New York anahamisha kanda zake za zamani, za miaka ya 1980, kwenda kwenye kompyuta. Akaona kanda inapozunguka, ule unga wa sumaku unabanduka kidogo kidogo na kuanguka. Kila mzunguko wimbo unapoteza kipande. Akaacha mashine iendelee. Kipande cha kwanza kina dakika 63: kijiwimbo kilekile cha sekunde chache, kama tarumbeta za mbali, kinazeeka mbele ya masikio yako mpaka kinabaki mikwaruzo na pumzi. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kazi hiyo Septemba 11 ilipofika, akautazama moshi kutoka kwenye paa la nyumba yake Brooklyn, na picha za jioni ile ndizo zikawa sura ya albamu.

Ni kazi kubwa. Lakini kwa mtu aliyefiwa wiki hii siipendekezi. Inakuonyesha kitu kikiisha, kwa saa nzima, bila kukushika mkono.

Kwa huyo natoa Ruins ya Grouper, ya 2014. Grouper ni Liz Harris, Mmarekani. Sehemu kubwa aliirekodi mwaka 2011 Aljezur, Ureno, kwa piano na kinasa kidogo cha kubeba. Anaimba, ila kwa chini mno, kama mtu anayejiimbia jikoni hataki kuamsha watoto. Vyura wanasikika nje. Na mwishoni mwa kipande kiitwacho Labyrinth kuna mlio mmoja, "pii". Umeme ulikuwa umekatika kwa dhoruba, ukarudi wakati anapiga, na maikrowevu ikalia. Hakuukata mlio huo, akauacha. Mara ya kwanza kuusikia niliinuka kwenda kuangalia jikoni kwangu. Sisi tunaujua mlio huo kuliko wasikilizaji wengi duniani, na kila mara unanituliza: mtu alikuwa gizani anapiga piano, umeme ukarudi, akaendelea.

Vyura wake pia hawana ugomvi na vyura wako. Wakati wa masika siwezi tena kuwatofautisha.

Kulala

Sleep ya Max Richter, 2015, ina urefu wa saa 8, imetungwa mahsusi mtu aisikilize akiwa amelala, na imewahi kupigwa mbele ya hadhira iliyolazwa vitandani. Piano, vayolini, sauti ya mwanamke, vyote vya polepole. Kwa kulala ni nzuri kuliko zote hapa. Tatizo ni bando. Muziki wa saa 8 kila usiku kwenye data za simu ni gharama, na kwenye huduma za bure tangazo la kubeti litakurusha kitandani saa nane usiku. Ipakue mahali penye Wi-Fi, au chukua ile ya saa moja iliyotolewa pembeni yake, iitwayo From Sleep. Wengi wetu tunasinzia kabla saa hiyo haijaisha.

Na angalia spika yako ya bluetooth. Ya kwangu, muziki ukiwa chini sana, huamua kwamba hakuna kitu kinachopigwa ikajizima, halafu inatoa mlio wa kuaga mkali kuliko albamu nzima. Dawa niliyoipata ni kupandisha sauti kwenye simu hadi karibu na mwisho, kisha kuishusha kwenye spika yenyewe. Kama spika yako haina vitufe vya sauti, tumia waya.

Mpwa wangu sasa yuko chuo, hosteli, chumba cha watu wanne, na mmoja wao hulala na redio. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Huku Yoshimura hasikiki, nifanyeje?" Nikamwambia achukue Peel, hedifoni za kuziba sikio, sauti nusu, na redio ya mwenzake asiigombeze. Aiache iingie humohumo.